Lile ua la chungwa lenye miba: nani anakula, nani anaiba, na mbona ndege wanalipigania

Kila mwaka masika yakianza kukatika, ukipita kwenye viwanja vya Utange ama Mtwapa, ama kule Miritini kando ya reli, kuna mmea mrefu unachomoza juu ya nyasi, mwengine unampita mtu mzima kwa urefu. Ni shina moja lililonyooka na madonge ya duara yamepangana juu yake, shina linapita katikati ya kila donge, na kwenye hayo madonge yanatoka maua marefu ya rangi ya chungwa yenye manyoya manyoya. Wengi wetu tunaujua kwa sababu moja tu, ukikatiza kiwanja haraka haraka na leso ama kanzu yako unanaswa, na ukilishika donge lililokauka utaliachia mwenyewe bila kuambiwa. Basi watu wanachukua slesha, wanamaliza, kiwanja kinabaki kipara, na wanaona wamefanya usafi.

Wataalamu wanauita Leonotis nepetifolia, mie hapa nitasema leonotisi tu twende mbele. Ukitaka kuhakikisha kama ndo wenyewe, shika shina ulizungushe kwenye vidole, utahisi pembe nne, si duara. Nenda ukashike shina la mrehani pale nyumbani ama la mnanaa, utapata pembe zile zile, manake hii yote ni familia moja. Ukiponda jani utasikia harufu kali, si tamu kama ya mrehani, lakini udugu unaonekana.

Shida ya huu mmea ni kwamba mambo kama matatu yamechanganywa likawa jambo moja, watu wanasema ni gugu, wanasema umeletwa, na wanasema hauna faida kwa kiumbe chochote kwa vile una miba. Kila moja lina jibu lake na majibu hayafanani kabisa.

Hili la kuletwa tulimalize mapema. Watu wanauweka kapu moja na lantana, ile yenye vikuti vya maua ya rangi mbili tatu na shina linalokwaruza, na wengine wanautaja pamoja na mathenge, ule mti wa miba wa nchi kavu. Lantana asili yake Marekani ya kitropiki na ilisambazwa duniani kama ua la bustani na la fensi, mathenge nao ni wa huko huko Marekani, waliletwa Kenya kwa nia nzuri ya kukomboa nchi kavu na wenyeji wa Baringo wanajua yaliyofuata, ulivyoenea ukawashinda. Leonotisi ni wa hapa hapa Afrika. Ndege wetu na wadudu wetu wameishi nao miaka mingi mno kabla ya mtu kufikiria kuweka lami Mombasa, na hilo ndo linabadilisha hesabu yote, kwa sababu mmea uliozoeana na viumbe wa mahali una wateja wake, wezi wake na wanaojificha ndani yake, na ukiung'oa wote hao wanahisi.

Gugu sasa. Hapa wanaosema wana ukweli kiasi. Leonotisi unapenda udongo uliochafuliwa, pale greda limepita, pale wamechimba msingi wakaishiwa pesa, pale mbuzi wamekula nyasi mpaka zimekwisha. Ni mmea wa msimu, mbegu inaota na mvua, unarefuka kwa kasi, unatoa maua, unakauka, unakufa ukiwa umesimama. Haungoji miaka kama mwembe. Mbuzi na ng'ombe hawaupendi sana, harufu hiyo na miba hiyo nani atafune, kwa hivyo wanakula kila kitu pembeni yake na wenyewe unabaki, halafu mwenye kiwanja anakuja anaona leonotisi mwingi anasema umeua malisho yangu. Mpangilio wa mambo ni kinyume, malisho yaliisha kwanza, mmea ukaingia kwenye nafasi. Ukiona umejaa mahali jiulize nini kilifanywa kwenye huo udongo mwaka uliopita.

Na miba yenyewe si miba kama ya mgunga. Angalia donge kwa karibu (polepole), utaona ni mkusanyiko wa vikombe vidogo vidogo, kila ua limekaa kwenye kikombe chake cha kijani, na kile kikombe kina meno mdomoni. Ua likiwa bichi yale meno yanachoma kidogo tu, lakini ua likishaanguka kikombe kinabaki, kinakauka, na meno yanakuwa magumu na makali. Ndani ya kikombe mnakuwa na mbegu nne kwa wingi wake, kama ilivyo kwa ukoo wote wa mrehani. Kwa hivyo ulinzi unakuwa mkali zaidi wakati ule kitu cha kulindwa kimeshakuwa tayari ndani. Donge lililokauka linatikiswa na upepo na mbegu zinamwagika kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Miba ni ya mdomo wa mnyama na mkono wako. Haimzuii mteja halali, kwa sababu mteja halali hakanyagi donge, anakaa kwenye shina chini yake na kuinua shingo.

Huyo mteja ni chozi. Nafikiri kila mtu Mombasa ameshamuona hata kama hajamjua jina, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, dume linametameta rangi kama mafuta kwenye maji, anakuja kwenye maua ya uani anajiangalia hata kwenye kioo cha gari. Ua la leonotisi limetengenezwa kwa ajili yake, na ukilichambua utaelewa. Ni mrija mrefu uliopinda, nekta, yale maji matamu ya ua, iko chini kabisa. Mdomo wa juu wa ua ni mrefu na umejaa manyoya, na chini ya huo mdomo ndo zimefichwa zile nyuzi zenye chavua. Mdomo wa chini ni mfupi na unanyauka mapema. Ua linalomtaka nyuki kwa kawaida linamwekea mahali pa kutua, huu umekataa, hakuna jukwaa, na rangi ni ya chungwa iliyoelekea kwenye wekundu ambayo nyuki haioni vizuri kama anavyoiona bluu, lakini ndege anaiona toka mbali. Chozi anakaa kwenye shina, anaingiza mdomo kwenye mrija, na akifika chini kwenye nekta utosi wake unagusa pale pale penye chavua. Anatoka na unga kichwani anaupeleka ua jengine bila kujua.

Tuje sasa kwenye sehemu ambayo mie naona ndo tamu kuliko zote, na ambayo Wakenya wengi hatujui kwamba imetoka kwetu.

Wanasayansi wawili wa Marekani, Frank Gill na Larry Wolf, walikwenda kukaa na huu mmea huu huu, leonotisi wa viwanjani, karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1975 wakachapisha walichokiona. Walikuwa wanamfuata chozi mmoja wa nyanda za juu mwenye mabawa ya dhahabu na mdomo uliopinda kama mundu, huyo huku pwani hatunaye. Waliona huyu ndege anajikatia kipande cha maua na kukilinda, mwengine akiingia anafukuzwa. Swali lao lilikuwa la kibiashara kabisa, inamlipa? Kufukuzana si bure, unachoma nguvu, na kama nguvu unayochoma ni nyingi kuliko unayookoa basi wewe ni mjinga wa kawaida tu.

Wakaweka hesabu. Chozi akiwa anakula, anaruka ua hadi ua, anatumia kama kalori 1,000 kwa saa. Akikaa tu kwenye tawi anapumzika, 400. Akiwa anafukuza mwenzake, 3,000. (Hizi ni kalori ndogo, elfu moja yake ndo moja ile inayoandikwa kwenye pakiti ya biskuti, msije mkashangaa.) Halafu wakapima nekta. Maua yasiyolindwa, ambayo kila mpita njia anaonja, yanakuwa na kama mikrolita 2 kila moja. Yaliyolindwa yana 3, kwa sababu hakuna anayeyaonja ila mwenyewe. Tofauti ya mikrolita moja! Tone moja la maji la kawaida ni kama mikrolita 50, sasa piga hesabu ni kitu kidogo namna gani wanachogombania.

Lakini hiyo mikrolita moja inafanya kazi kubwa. Kwenye maua ya mikrolita 2 ndege anahitaji masaa manne kula ashibe kwa siku. Kwenye ya 3 anahitaji masaa 2.7. Ameokoa saa moja na dakika kama kumi na nane, na muda huo badala ya kuruka ruka anakaa kwenye tawi, kwa hivyo kila saa aliyookoa inampa faida ya kalori 600, ile tofauti ya 1,000 na 400. Jumla 780. Upande wa gharama, alikuwa anatumia kama saa 0.28 kwa siku kufukuza watu, yaani dakika kumi na saba hivi, na kila saa ya kufukuza inamgharimu 2,600 zaidi ya kukaa. Jumla 728. Toa, anabakiwa na 52. Faida nyembamba lakini ni faida, na ndege anaendelea kulinda.

Geuza sasa, fanya mvua imekuwa nzuri na maua yamejaa nekta. Yasiyolindwa yana mikrolita 4, yaliyolindwa 6. Asiyelinda anashiba kwa masaa mawili, anayelinda kwa saa 1.3. Ameokoa saa 0.7 tu, mara 600 ni 420, na gharama ya kufukuza iko pale pale 728. Hapo kulinda ni hasara tupu, na ndege anaacha kulinda, anakula na wenzake kwa amani. Na upande mwengine, nekta ikiwa haba kabisa kiasi kwamba hata ukilinda haikutoshi, hulindi, unahama.

Ni sawa na dereva wa tuktuk na steji yake. Siku hakuna abiria hata ukipigania steji utabaki na steji yenyewe. Siku feri ya Likoni imemwaga watu kila mtu anajaza, nani ana muda wa kugombana. Ugomvi uko katikati, siku abiria wapo lakini hawatoshi wote. Kwa hivyo ukiwaona chozi asubuhi wanafukuzana kwenye leonotisi halafu wiki mbili baadae wako watano kwenye kichaka kimoja hawajali, si kwamba tabia imebadilika, bei imebadilika.

Kuna kitu chengine waliona ambacho nakipenda. Vipande walivyolinda vilitofautiana sana kwa ukubwa wa ardhi, kimoja kidogo, kingine kikubwa mara nyingi zaidi, lakini ukihesabu maua ndani yake unapata idadi inayokaribiana, kama 1,600. Ndege hapimi mita, anapima maua. Zidisha 1,600 kwa mikrolita 3 unapata kama kijiko kimoja cha chai. Ndo mali yote hiyo, kijiko cha chai kimetawanywa kwenye mirija 1,600 yenye miba pembeni, na kesho inabidi ijazwe tena.

Hapo ndo pa kufikiria mtu akisema nimekata vichache tu. Ukikata nusu ya kipande cha ndege mmoja hujampunguzia nusu ya chakula akabaki na nusu, umemsukuma atoke aende kwenye kipande cha mwenzake, na gharama za kufukuzana zinapanda kwa wote wawili.

Chozi wa Mombasa si yule wa Naivasha, na mie sitadai kwamba namba zake ni hizo hizo. Hapa tuna yule mwenye kifua chekundu kama damu, mwenye mdomo mrefu uliopinda vizuri, huyo anakula kwa njia ya halali. Tuna mwenye ukanda wa zambarau kifuani. Na tuna yule mdogo kabisa, mgongo kijani tumbo manjano, mdomo mfupi, ambaye kwenye maua marefu mrija unamshinda, na anajulikana kwa tabia moja: anatoboa ua ubavuni karibu na chini, ananyonya, anaondoka. Utosi haukugusa chavua hata chembe. Amekula hajalipa. Yale manyuki makubwa meusi, yanayotoboa boriti za makuti na kuacha unga wa mbao chini, nayo yana sifa hiyo hiyo kwenye maua ya mirija, yanachana pembeni. Na tundu likishatobolewa linatumika na wadudu wengine wadogo wasioweza kutoboa wenyewe.

Mtu atauliza, kwa hivyo hao wezi ni wabaya? Hapa ndo watu wanapokosana na mie nina upande wangu. Kwa mmea, mwizi ni hasara. Lakini fikiria yule chozi anayelinda kipande chake siku nzima, anazungusha chavua pale pale kwenye mimea ile ile ya jirani, mara nyingi ni ndugu wa mbegu moja. Chavua ya kwenda mbali inahitaji mtu anayehama hama, yule anayeiba dakika mbili akafukuzwa akaenda kiwanja kingine na unga kichwani. Mvamizi aliyeingiza mdomo mbele, si ubavuni, huenda ana faida kwa mmea kuliko mwenye shamba. Na yule anayetoboa akipunguza nekta kwenye kipande analazimisha wale halali watembee maua mengi zaidi. Si jambo la kusema huyu mzuri huyu mbaya na kufunga faili.

Halafu kuna hili ambalo wapenzi wa ndege wengi wanalisahau kabisa, nekta ni sukari na maji, haijengi mwili. Chozi akiwa na vifaranga anawalisha wadudu na buibui. Kwa hivyo hata yeye anayeonekana anaishi kwa maua anahitaji kichaka chenye vidudu, na leonotisi uliosimama kwenye nyasi una vidudu, buibui wanaotega kati ya madonge, vunjajungu anayengoja mgeni, nyuki wa asali anayekuja kuchukua chavua, sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina. Na kiota chenyewe cha chozi, kile kifuko kinachoning'inia utadhani takataka zimenasa kwenye tawi, kinashonwa kwa utando wa buibui. Kiwanja kilichofyekwa mpaka udongo hata ukitundika chombo cha maji ya sukari umempa mafuta ya gari bila gari.

Bi mkubwa mmoja jirani kila msimu ananiambia, "Mwanangu, fyeka hayo madude, yanaleta nyoka." Shikamoo yake naipokea kwa heshima na maneno yake pia siyatupi, kichaka chochote kizito karibu na mlango kinakaribisha panya na mijusi, na nyoka anafuata chakula. Lakini hilo ni la kichaka kilicho mlangoni, leonotisi au si leonotisi, na mmea wenyewe ni shina moja jembamba lenye nafasi chini, nyasi zilizolala ndo zinaficha. Mbele ya mlango wake nafyeka. Nyuma ya ukuta naacha.

Nje ya Afrika hadithi inageuka na ni vizuri kuijua ili tusiwe washabiki wa upofu. Leonotisi umesafirishwa, watu waliupenda kama ua la bustani na kama dawa, na sasa umeenea Marekani ya kitropiki, visiwa vya Karibiani, Hawaii na kaskazini mwa Australia. Australia ni gugu kweli kweli, unaingia kwenye malisho ya watu na hauna historia na viumbe wa kule. Trinidad wanachemsha majani yake kama dawa ya kikohozi na homa, ni desturi yao, mie siwaambii mkanywe. Na jambo la ajabu ni kwamba huko Marekani hakuna chozi hata mmoja, lakini wapo ndege wavumaji, ukoo tofauti kabisa ambao nao wana midomo mirefu na wanaishi kwa nekta, na wameupokea mrija wa chungwa kama vile walikuwa wanaungoja. Chozi anakaa kwenye shina anakula, mvumaji anaelea hewani mbele ya ua. Kwa hivyo mmea ule ule hapa ni mwenyeji wa kulindwa kiasi, Australia ni wa kung'olewa, na anayekuuliza mtandaoni umtumie mbegu za lile ua zuri la Mombasa mwambie hapana.

Kwa mwenye kiwanja hapa anayetaka chozi lakini hataki kiwanja kizima kiwe leonotisi mwakani, siri iko kwenye mpangilio wa madonge. Maua yanaanza chini yanapanda juu, kwa hivyo kuna kipindi donge la chini limeshakauka lina mbegu na la juu bado linatoa chungwa. Ukifyeka wakati yote bado kijani umewanyima ndege msimu mzima. Ukingoja mpaka shina lote limekuwa kahawia mbegu zimeshamwagika na umechelewa. Angalia donge la chini kabisa, likianza kubadilika rangi lakini ukilitikisa hakuna kinachodondoka, kata hilo donge peke yake kwa mkasi wa bustani liangukie kwenye gunia, la juu yake liache liendelee. Wiki inayofuata rudi kwa linalofuata. Kazi yake si ya siku moja, na vaa glavu za ngozi, zile za mpira zinatobolewa.